Taa ya TEMS inapopepesa: kutafuta hitilafu ya umeme kwenye shoki za Supra ya zamani

Toyota Supra ya A70, ile iliyotengenezwa kuanzia 1986 hadi 1993, ikifika gereji huku taa ya TEMS, mfumo wake wa shoki za umeme, ikipepesa kwenye dashibodi, hukumu hutolewa upesi: kompyuta imekufa, itafutwe nyingine. Mwenye gari huulizia kompyuta miezi mingi, huipata, huifunga, na taa huendelea kupepesa vilevile. Kwenye mfumo huu kompyuta ndiyo ya kushukiwa mwisho. Kinachotangulia kuharibika ni athi (njia ya kurudisha umeme kwenye bodi ya gari) iliyofunikwa na rangi, soketi za waya zilizoingia maji, waya uliokatwa na kuungwa na mfunga alamu, na grisi iliyoganda ndani ya mota ndogo zinazokaa juu ya shoki. Yote manne hurekebishwa Nakuru au Kisumu kwa vitu vya dukani.

Mfumo unavyofanya kazi

TEMS ni mfumo wa Toyota wa kubadilisha ugumu wa shoki kwa umeme. Ulianza mwaka 1983 kwenye Soarer, kisha ukaenea kwenye Supra, Mark II, Crown na nyinginezo. Ndani ya shoki, katikati ya ufito wake, mna kijiti chembamba. Kijiti kikizungushwa hufungua au huziba vitundu vya kupitishia mafuta: vikiwa wazi shoki ni laini, vikizibwa ni ngumu. Juu ya kijiti hukaa mota yenye gia, moja kwa kila gurudumu.

Kompyuta huamua la kufanya kwa kusikiliza swichi ya Normal na Sport, swichi ya breki, sensa ya usukani, sensa ya mwendo, na ishara ya throtoli (inayoonyesha umekanyaga mafuta kiasi gani) ambayo mara nyingi hupitia kwanza kompyuta ya injini. Ukifunga breki hukaza shoki ili pua isizame. Ukikata kona hukaza gari lisilale. Ukikanyaga mafuta ghafla hukaza ili nyuma isikae chini.

Kwa hiyo gari lenyewe hukuonyesha pa kuanzia. Taa za TEMS zikiwa hazionekani kabisa hata ukifungua (yaani ukiwasha) swichi ya ufunguo, tafuta umeme wa kuingia: fyuzi, athi, waya wa kulisha. Zikiwaka sekunde chache za kwanza kisha zikaanza kupepesa, kompyuta iko hai na imeona kosa, aghalabu kwenye sakiti ya mota za shoki. Zikitulia vizuri na swichi ikibadilisha hali, lakini pua bado inazama unapofunga breki, hapo shuku sensa, au shoki zenyewe zimekwisha.

Kwanza hakikisha shoki ni zenyewe

Hatua hii huchukua dakika kumi, na huokoa siku nzima ya kazi bure. Fungua boneti, toa kifuniko cha juu ya shoki ya mbele, angalia. Nyuma, vua mbao laini za kando ya buti hadi uone kichwa cha shoki. Magari mengi ya umri huu yamekwisha badilishwa shoki mara mbili au tatu, na aliyebadilisha aliweka za kawaida zisizo na kijiti cha katikati, akafunga mota kwa tepu na kuiacha ikining'inia. Shoki moja ya kawaida kati ya nne hutosha kuharibu mpangilio wote, na hakuna waya utakaoitibu. Ama utafute shoki zenye kijiti, ama ukubali kuendesha gari bila TEMS. Kati ya hayo mawili hakuna njia ya katikati inayofaa.

Kama vijiti vipo, ng'oa mota (kwa kawaida skrubu mbili au bolti ndogo) na ujaribu kuzungusha kila kijiti kwa koleo ndogo iliyofungwa kitambaa. Kinapaswa kuzunguka kwa wepesi. Kikigoma, mota itakwama pia, na kompyuta itapepesa taa ilhali umeme wote ni mzima. Kijiti kilichogoma huonyesha shoki iliyopata kutu au kuvuja ndani. Usikilazimishe kwa koleo kubwa, kwani kikivunjika shoki hiyo imekwenda.

Vifaa

Multimita ya dijitali yenye betri mpya. Balbu ya breki ya wati 21 iliyolehemewa waya mbili za mita moja na nusu, mmoja ukiwa na fyuzi ya ampea 5. Sindano nyembamba za cherehani. Kopo la dawa ya kusafishia soketi za umeme, au spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Grisi ya silikoni. Waya wa gari wa nyuzi nyingi wa 0.75 mm², na mipira ya kusinyaa kwa joto, ile yenye gundi ndani. Mchoro wa waya wa gari la mwaka wako hasa: mpangilio wa pini ulibadilika kati ya miaka, na kukisia pini kwenye kompyuta ni njia ya haraka ya kuiunguza.

Betri, fyuzi na watu wa alamu

Betri iliyopumzika usiku kucha inapaswa kusoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwanza, maana vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya. Injini ikinguruma, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, acha TEMS ukatengeneze regyuleta ya altaneta kwanza.

Hapa kuna tabia moja ya gereji nyingi inayopaswa kukoma: kuchomoa teminali ya betri injini ikiwa inanguruma ili kupima kama altaneta inachaji. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti huruka juu sana kwa sehemu ya sekunde, na kompyuta za miaka ya 1980 hazikuundwa kustahimili hilo kila wiki. Mwambie fundi mapema, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka: "Fundi, hapa tunapima kwa multimita, teminali isiguswe." Vivyo hivyo kama mnara wa shoki (sehemu ya bodi inayoshika kichwa cha shoki) umepasuka na unahitaji kuchomelewa: toa betri na uchomoe soketi za kompyuta kabla ya mashine ya kuchomelea kuguswa.

Fyuzi usiitazame kwa macho tu. Nyuzi yake huweza kupasuka kwa ufa usioonekana. Pima volti pande zote mbili za fyuzi ikiwa mahali pake na swichi ya ufunguo ikiwa wazi. Pande zote zinapaswa kusoma sawa. Ukikuta fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi, jua kuna mtu aliyewahi kushindwa na shoti na akaamua kuificha. Waya wa 0.5 mm² utayeyuka kabla fyuzi ya ampea 30 haijakatika. Rudisha fyuzi ya kiwango chake, na ikikatika tena, shukuru: sasa una shoti ya kutafuta.

Kisha lala chali chini ya dashibodi na tochi. Tafuta waya zilizochunwa katikati na kuviringishwa tepu nyeusi. Alamu, kifaa cha kufuatilia gari na redio kubwa hupenda kunyonya umeme kwenye waya wa kwanza ulio karibu, na waya huo mara nyingine ndio unaolisha TEMS. Kiungo cha aina hiyo hulegea, hupata kutu, na hitilafu huja na kwenda kulingana na mashimo ya barabara. Fungua kila kiungo, lehemu upya, funika kwa mpira wa kusinyaa. Kazi hii inachosha shingo, lakini ndipo hitilafu nyingi zinapokaa.

Kupima volti huku umeme ukifanya kazi

Hapa ndipo kazi ya kubahatisha inapoachana na kazi ya kujua. Multimita ya dijitali huvuta umeme kidogo mno. Waya ukibakiwa na unyuzi mmoja tu, au soketi ikijaa kutu ya kijani, multimita bado itasoma volti 12.4, nawe utasema "umeme upo". Umeme upo, lakini hauwezi kubeba mzigo. Mota ya shoki ikidai ampea moja au mbili, volti huporomoka, mota haifiki mahali pake, taa inapepesa.

Kwa hiyo weka mzigo. Balbu ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75 kwenye volti 12, mzigo unaofanana na wa kazi halisi.

1. Zima swichi ya ufunguo, toa teminali hasi ya betri, chomoa soketi ya kompyuta ya TEMS, kisha rudisha teminali. Mahali kompyuta ilipo hutofautiana. Ukikosa kuiona, fuata waya za mota za nyuma kuelekea ndani.
2. Unganisha balbu kati ya pini ya kulisha, upande wa waya za gari, na teminali hasi ya betri. Fungua swichi ya ufunguo. Balbu iwake kwa nguvu.
3. Balbu ikiwaka, weka ncha moja ya multimita kwenye teminali chanya ya betri na nyingine kwenye pini hiyo ya kulisha. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Zisizidi 0.5.
4. Sasa geuza: balbu kutoka teminali chanya, ule waya wenye fyuzi ya ampea 5 ukiwa upande huo, hadi pini ya athi. Pima kati ya pini ya athi na teminali hasi. Isizidi 0.2.

Chukua mfano. Kutu yenye ukinzani wa omu 2 tu haionekani kabisa ukipima bila mzigo. Balbu ikiwaka, omu hizo 2 hula karibu volti 3, na balbu huonekana imefifia hata bila multimita. Ndiyo maana balbu ya bei ndogo hugundua kile ambacho skrini ya dijitali hukosa.

Upotevu ukizidi, sogeza ncha ya multimita kutoka betri kuelekea kompyuta, kiungo baada ya kiungo. Pale usomaji unaporuka ghafla, kosa liko kati ya pointi hizo mbili. Usitoboe ganda la waya kwa ncha kali. Ingiza sindano nyuma ya soketi, kando ya waya. Tundu lililotobolewa huingiza maji, na baada ya msimu mmoja wa mvua waya huoza kwa ndani huku ganda likionekana zima.

Athi

Kwenye Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi ni athi ya bodi. Waya za athi hukusanyika chini ya bolti kwenye bodi, karibu na fenda za mbele na nyuma ya mbao za kando. Gari lililowahi kunyooshwa bodi na kupakwa rangi upya lina uwezekano mkubwa wa kuwa na rangi au filla chini ya kijicho cha waya (kipete cha chuma cha mwisho wa waya). Bolti imekazwa barabara, lakini inakaza rangi, si chuma. Toa bolti, kwangua hadi chuma king'ae ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, safisha kijicho, kaza, kisha paka grisi juu yake, kamwe si chini yake.

Maji na vumbi

Hali ya huku kwetu ina alama zake. Kisumu kuna unyevu wa ziwa na mashine za kuoshea zenye shinikizo kubwa, ambazo kijana akielekeza mdomo wa bomba moja kwa moja juu ya mnara wa shoki, maji huingia kwenye soketi ya mota na kukaa humo. Nakuru vumbi ni laini kama unga. Huingia kila pahali, kisha asubuhi za baridi za kuelekea Mau Summit hulilowesha likawa tope jembamba linalopitisha umeme kidogokidogo kati ya pini. Taa ikianza kupepesa siku moja au mbili baada ya kuosha gari na kutulia jua likikolea, usitafute zaidi: ni soketi za mbele.

Chomoa kila soketi ya mota. Tazama mpira wake mwembamba wa kuzuia maji. Ukiwa mgumu umepoteza kazi. Kwenye injini yenye turbo, soketi iliyo upande wa joto hugeuka kuwa kama biskuti, na klipu yake huvunjika ukiikaribia kwa haraka. Ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuifungua. Nyunyizia dawa ya kusafishia, acha ikauke, rudia. Usitumie msasa: pini hizi zimepakwa bati, na msasa ukilitoa, kutu hurudi kwa kasi. Kisha angalia kama pini ya kike bado inabana. Chukua pini ya kiume ya ukubwa uleule, ichomeke na kuichomoa. Ikitoka bila upinzani wowote, bana kidogo ulimi wa pini ya kike kwa bisibisi ya saa. Malizia kwa grisi ya silikoni kwenye mpira wa pembeni.

Waya uliooza, kata hadi ufikie shaba nyekundu safi. Kama waya tatu zinakatwa pamoja, zikate kwa urefu tofauti ili viungo visikae sambamba. Na tafadhali usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Mtikisiko wa gari huuvunja kwa ndani.

Mota za shoki

Pima ukinzani wa koili za mota zote nne kati ya pini zilezile. Gusanisha ncha za multimita kwanza na utoe kile zinachosoma zenyewe, kwa kawaida omu 0.2 hadi 0.5. Linganisha kushoto na kulia: za mbele zifanane zenyewe kwa zenyewe, na za nyuma vivyo hivyo. Inayosoma bila mwisho imekatika. Inayosoma chini kabisa kuliko mwenzake ina shoti ndani. Pima pia kati ya kila pini na kasha la mota. Pasiwe na njia.

Zikilingana lakini mota moja haizunguki, ifungue. Ndani utakuta gia ndogo za plastiki zimezama katika grisi ya kahawia, nzito kama gundi ya viatu. Hiyo ilikuwa nyeupe ilipotoka kiwandani. Itoe yote kwa kijiti cha pamba na spiriti, meno ya gia moja baada ya jingine, ukiangalia kama kuna jino lililolika. Rudisha grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje ya mchele, basi. Ikizidi itaganda tena.

Ukitaka kuijaribu mezani, usiipe betri moja kwa moja. Pitisha umeme kupitia ile balbu ya wati 21 kwa mfuatano. Mota ikikwama, balbu itachukua mzigo na koili haitaungua. Gusa kwa chini ya sekunde moja. Kompyuta yenyewe hutuma umeme kwa muda mfupi sana, na ndiyo sababu multimita ya kawaida haiwahi kuuona gari likifanya kazi.

Unapoirudisha, kijiti cha shoki kina upande uliochongwa bapa, na tundu la mota lina umbo hilohilo. Mota na kijiti viwe katika nafasi moja kabla ya kukaza skrubu. Ukikaza kwa nguvu vikiwa havilingani, utavunja gia uliyoisafisha sasa hivi.

Sensa

Swichi ya breki: kwenye pini yake kwenye soketi ya kompyuta, volti 12 unapokanyaga, sifuri unapoachia. Fyuzi ya taa za breki ikikatika, TEMS nayo haijui kama umefunga breki.

Sensa ya mwendo: kama spidomita ni ya kebo na sindano yake inarukaruka, anza na kebo. Spidomita hizo za Kijapani huzungushwa mara 637 kwa kilomita, na swichi ndogo ya sumaku iliyo ndani yake hutoa mapigo 4 kwa kila mzunguko, yaani 2,548 kwa kilomita. Inua magurudumu ya nyuma juu ya stendi imara, zungusha polepole kwa mkono, na utazame multimita ikipanda na kushuka.

Sensa ya usukani ina kisahani chenye nafasi na macho mawili ya mwanga. Vumbi likiziba jicho, kompyuta haijui kama umekata kona. Zungusha usukani taratibu. Waya mbili za ishara zibadilike juu na chini. Ukiona soketi ya manjano karibu na hapo, ni ya mkoba wa hewa: iache, na kama lazima upite kando yake, toa betri na usubiri dakika kadhaa.

Kompyuta, sasa

Ukifika hapa na kila kitu ni kizima, fungua kasha. Tafuta kapasita (vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizovimba au zenye unyevu chini, na mistari ya shaba iliyogeuka kijani. Kapasita zilizovuja hunuka kama samaki pasi ya kulehemu ikizikaribia. Badilisha kwa zenye uwezo (µF) sawa, volti sawa au zaidi, na kiwango cha joto cha 105°C. Upande wenye mstari ni hasi. Safisha bodi kwa spiriti kabla ya kuweka mpya, la sivyo majimaji yaliyobaki yataendelea kula shaba. Tazama pia pini kubwa za soketi kwa kioo cha kukuzia: pete nyembamba nyeusi kuizunguka pini ni lehemu iliyopasuka. Iyeyushe upya kwa lehemu ya 60/40 na pasi ya nyuzi karibu 350.

Mwenye Nissan 300ZX ya Z32 au Mitsubishi GTO anaweza kufuata mpangilio huu huu, ingawa rangi za waya na idadi ya hali za shoki ni tofauti. Kwa GTO tu angalia kapasita mapema zaidi; kompyuta za Mitsubishi za mwanzo wa miaka ya 1990 zinajulikana kwa kuvuja.

Jaribu barabarani mchana, barabara ikiwa kavu. Kutoka Kisumu, kupanda Riat kuna kona za kutosha kuamsha sensa ya usukani kwa mwendo wa kawaida. Kutoka Nakuru, barabara ya Njoro kuelekea Mau Narok inafaa. Weka Normal, funga breki kwa wastani, sikiliza pua. Weka Sport, rudia mahali palepale. Kisha liache gari lipoe usiku kucha, uoshe asubuhi, na uangalie tena taa kabla ya kurudisha mbao za buti.